Mihogo, Bisi na Karatasi ya Pili

Bariadi,
11 Februari 2024

Kaka Marcelo,

Mwangaluka. Najua hiyo ni salamu ya asubuhi na barua hii huenda ukaisoma jioni baada ya kazi, lakini Mayu amekaa hapa pembeni yangu na amesema nianze hivyo, na mama hapingwi.

Sisi ni wazima. Mayu nilimleta kwangu tangu Novemba kwa sababu ya magoti. Kule kijijini Kimali alikuwa anashinda mlangoni anawafokea kuku wa jirani. Hapa anawafokea wa kwangu. Nancy ameingia kidato cha pili na ameanza kunisahihisha Kiswahili, basi ukiona kosa jua hajaipitia barua. Huko Kimali palizi ya pamba imechelewa, mvua haikai vizuri.

Mayu hataki kabisa habari za simu. Anasema simu ikikatwa maneno yamekwenda, ila barua anaweza kunirudisha mstari huohuo mara tatu. Kwa hiyo andika vizuri, kila neno atalisikia.

Sasa shida yangu. Pale stendi ninapouzia maandazi tumeambiwa tuhame, na tulikoonyeshwa hakuna anayepita isipokuwa mbuzi. Wakati huohuo Jabiri, yule mwenye duka la vyombo, amefungua kiwanja cha michezo ya watoto kule Somanda. Ameweka bembea za kuzunguka, treni ndogo, na lile jumba la upepo ambalo watoto wanarukaruka ndani. Anatafuta mtu wa chakula. Nikamwambia kaka yangu ni mpishi wa kiwanja kama hicho Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tisa huu. Akacheka, akasema, "Basi mama Nancy, tujaribu siku ya Idd. Ukifanya vizuri, kwenye maonyesho ya Nanenane tunahamia Nyakabindi na banda la chakula ni lako moja kwa moja."

Kaka, mimi najua maandazi. Sijui watu wakienda kwenye bembea wanakula nini. Niandikie, na uniandikie na namna ya kupika.

Mayu anauliza unakuja lini. Krismasi mbili sasa.

Mdogo wako,
Felisita

*

Dar es Salaam,
3 Machi 2024

Mdogo wangu Felisita,

Mwangaluka na wewe, na Mayu mwambie namwamkia nikiwa nimepiga goti. Wifi yako Elizabeth anawasalimu. Anashona sare za shule nyumbani, mgongo unamsumbua kidogo lakini mdomo mzima. Mimi mzima.

Barua yako ilinifurahisha hadi nikaisoma mara mbili garini. Sikiliza basi.

Mtu akija kwenye bembea hali kama anavyokula nyumbani. Anakula akitembea, mkono mmoja ameshika mtoto, mwingine ameshika pochi. Chakula chochote kinachotaka sahani na kijiko kitakudodea. Bisi, mihogo ya kukaanga, mishikaki, soseji iliyochomekwa kijiti, embe bichi la chumvi na pilipili, karanga, barafu za ubuyu. Na ipo ile wanayoiita pipi ya pamba: sukari inatiwa rangi, inazungushwa kwenye mashine mpaka inatoka nyuzi nyuzi, unazikusanya kwenye kijiti zinakuwa tonge kubwa kama kichwa cha mtoto. Ukiweka mdomoni inayeyuka. Hiyo watoto wanaililia kabla hawajaona hata bembea.

Halafu panga kwa saa. Watoto wakifika wanataka kitamu. Wakishazunguka na kupiga kelele wanataka kitu baridi. Saa kumi, jua likishaanza kulegea, ndipo wazazi wao wanashikwa na njaa ya kweli, na hapo ndipo mihogo yako iwe inatoka motomoto. Ukiitoa mapema italala na kuwa mpira.

Mihogo: chemsha kwanza na kijiko kimoja cha chumvi kwa lita mbili za maji. Chuja, iache ikauke, kaanga mafuta yakiwa yametulia. Rojo la kuchovyea: ukwaju kikombe kimoja, maji vikombe viwili, sukari vijiko vitatu, chumvi nusu kijiko, pilipili mbuzi mbili. Bisi: mafuta vijiko vitatu, mahindi nusu kikombe, funika, mlio ukianza kupungua, ipua.

Nakutumia kwa basi kopo la viungo vyangu vya kunyunyizia mihogo. Nimevichanganya mwenyewe. Huku watu wanavifuata kutoka mbali.

Kuja, Mayu anisamehe. Pasaka ndiyo siku yetu ya kazi kubwa, na Idd hali kadhalika. Tutaona.

Kaka yako,
Marcelo

*

Bariadi,
21 Aprili 2024

Kaka Marcelo,

Mwangaluka. Pasaka tulisali vizuri, Mayu alivaa kitenge kile ulichomtumia na akahakikisha kila mtu amekiona. Nancy alipata malaria, amepona. Ng'ombe wawili wa Kimali wamezaa, ndama wote majike.

Idd imekwenda vizuri mno. Kiwanja kilijaa mpaka Jabiri akasimamisha treni kwa sababu watoto walikuwa wanapanda kabla wengine hawajashuka. Bisi ziliisha saa nane. Barafu za ubuyu ziliisha. Mihogo nayo watu walikula. Jabiri aliagiza mashine ya pipi ya pamba kutoka Mwanza, na Mayu nilimpeleka akaione. Alisimama mbele ya ile mashine kama yuko kanisani. Akachukua kidogo, akakisugua kwa vidole kama anavyopima pamba mnadani, kikayeyuka. Akasema, "Miaka arobaini ya palizi na kuumwa mgongo, kumbe ningelima sukari!" Watu walicheka mpaka wenye zamu wakasahau zamu zao.

Anakushukuru kwa mafundisho yako. Wabeja sana.

Mdogo wako,
Felisita

(Karatasi ya pili. Hii sijamsomea Mayu.)

Kaka, mihogo haikuliwa. Lile kopo lako lilikuwa linanuka mafuta ya taa. Kijana wa ofisi ya basi alinikabidhi ameliweka mbali na uso. Mimi nikadhani labda ni viungo vya kigeni, ndivyo vilivyo, mimi ni nani nimsahihishe mpishi. Nikanyunyiza. Wa kwanza kula alikuwa Naila, binti wa Jabiri, ana miaka minane. Akatafuna mara mbili, akatema kwenye kanzu mpya ya baba yake, halafu akatapika. Jabiri hakunigombeza. Alilifunika karai langu kwa sinia, taratibu, mbele ya watu wote. Afadhali angenigombeza.

Nilikimbia nyumbani. Nilichokikuta ni matobolwa ya Mayu, vile viazi vitamu alivyovichemsha na kuvianika mwenyewe Kimali. Nikakaanga karanga, nikavichanganya, nikafunga kwenye karatasi kama koni. Niliona aibu, chakula cha kijijini kwenye bembea. Vikaisha. Watu waliuliza kama kesho vitakuwepo.

Lakini siyo hilo ninalotaka kukuuliza. Wewe ndiye uliyekuwa unanusa kibuyu cha maziwa na kusema ng'ombe yupi amekamuliwa, na Baba anakwenda kuuliza anakuta ni kweli. Kopo hilo ulilifunga kwa mikono yako. Hukusikia harufu?

Na barua yako ya Machi nimeisoma tena. Vijiko, vikombe, vijiko. Zamani ukinifundisha kitu ulikuwa na neno moja tu: onja. Safari hii hukuliandika hata mara moja.

Nijibu kwenye karatasi ya pili.

*

Bariadi,
2 Juni 2024

Kaka,

Mwangaluka. Wiki sita zimepita. Ofisi ya basi wameshanizoea, wakiniona wanatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mayu mzima. Ununuzi wa pamba umeanza. Nancy anafanya mitihani.

Jabiri ameniita. Amesema Idd ameisamehe kwa sababu ya matobolwa, lakini Nyakabindi hatasamehe. Wageni wanatoka mikoa mingine na viongozi watapita. Amesema nimtafutie mtu anayejua karai kweli nishirikiane naye, la sivyo atampa banda mtu mwingine. Sina ninayemjua isipokuwa wewe.

Kila jioni Mayu ananiuliza kama barua imekuja. Nikisema bado, anasema, "Ana kazi nyingi, watu wote wa Dar wanakula kwake." Anaisema kwa sauti ili jirani asikie.

Kama nilikukosea kwa swali lile, niambie.

Felisita

*

Dar es Salaam,
16 Juni 2024

Mayu, na mdogo wangu Felisita,

Mwangaluka. Nisameheni kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Elizabeth mgongo umepoa. Nancy namtakia heri katika mitihani yake. Nafurahi kusikia ng'ombe wamezaa.

Nawaombea kila siku.

Marcelo

(Karatasi ya pili.)

Felisita, hujanikosea. Nimeandika barua hii mara nne nikachana.

Machi ya mwaka juzi nilipata homa, siku tisa. Ilipokwisha Elizabeth alinipikia uji, nikamwambia hujaweka sukari. Akaweka. Nikamwambia bado. Akaonja yeye, akaniangalia. Ulikuwa mtamu kama asali.

Tangu siku hiyo sisikii harufu wala ladha. Ndizi, samaki, sabuni, kwangu vyote ni kimoja, ni kama kutafuna kitambaa. Hospitali walisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Mwaka wa kwanza niliamka kila asubuhi nakwenda kunusa kopo la kahawa. Siku hizi siendi tena.

Nilijificha jikoni miezi minne. Nilipima kila kitu kwa kijiko na kumwomba msichana wa bisi anionjee, nikijifanya namfundisha. Halafu siku moja alikuwa likizo. Nikawauzia watu mishikaki ya nyama iliyoharibika. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe, lakini nilimwona baba mmoja amembeba mwanawe anakimbia naye kwenda getini. Nilikwenda mwenyewe kwa bosi nikamwambia kila kitu. Ni mtu mwema. Alinipa kazi ya getini. Miaka miwili hii, Felisita, mimi nakata tiketi. Watu wote wa Dar hawali kwangu. Wanapita kwangu.

Kopo lile lilikaa chini ya meza karibu na jiko la mafuta. Elizabeth alikuwa Kiloleli kwao siku niliyolifunga. Nikasema nafsini, kwa mara moja hii nimtumie mdogo wangu kitu changu. Naomba unisamehe, na huyo mtoto anisamehe.

Siji nyumbani kwa sababu Mayu atanipikia. Ataniwekea chakula mbele, atakaa, ataniangalia usoni nikitia tonge la kwanza. Unajua anavyoangalia. Sitaweza kumdanganya, na sitaweza kumwambia. Kitu pekee alichonacho cha kujivunia kwa majirani ni kwamba mwanawe ni mpishi.

Usimsomee.

*

Bariadi,
7 Julai 2024

Kaka Marcelo,

Sikuanza na salamu, utaona kwa nini.

Barua yako ilikuja siku ya soko. Nilimsomea Mayu karatasi ya kwanza. Akasema, "Irudie." Nikairudia. Akasema, "Bahasha ilikuwa nene. Hicho ulichosoma ni chembamba."

Nikamwambia ni karatasi tupu, umeifungia isilowe.

"Felisita," akasema, "sijui kusoma, lakini kuhesabu najua. Mwezi wa tatu karatasi moja. Wewe ulipomjibu ulikunja mbili. Sasa zimekuja mbili umesoma moja. Huyo mtoto ameoa mwanamke mwingine, au anakufa?"

Nilijitahidi, kaka. Nilimwambia siyo kuoa wala kufa. Akasema kama ni hivyo basi niisome, la sivyo anapanda gari kesho kwenda Kimali na magoti yake na sitamwona tena kwangu. Alishafunga kanga zake kwenye mfuko.

Nikaisoma yote. Mpaka lile neno la usimsomee.

Hakulia. Aliuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia homa ilikuwa Machi ya mwaka juzi. Akahesabu Krismasi kwa vidole: ile uliyosema gari limejaa, na ile uliyosema Elizabeth anaumwa. Akabaki ameshika kile kidole cha pili. Halafu akatoka nje akaanza kubangua karanga, na siku tatu hakusema na mtu, hata kuku walipata amani.

Siku ya nne aliniita na kalamu. Haya ni maneno yake, nimeyaandika kama alivyosema.

"Mwambie mimi ni mama yake, siyo mteja wake. Mteja ndiye anayefichwa chungu kilichoungua. Mwambie nilimnyonyesha hana jino hata moja na hakujua chumvi wala sukari, na nilimpenda hivyo hivyo. Mwambie kama majirani wanataka mpishi, wakazae wa kwao. Na mwambie nina hasira, tena hasira kubwa, na hasira hii siwezi kuimaliza kwenye karatasi, kwa hiyo aje."

Mimi sina la kuongeza, isipokuwa Nanenane inaanza tarehe moja Agosti na karai sina wa kulishika.

Mwangaluka, kaka.

Felisita

*

Dar es Salaam,
20 Julai 2024

Felisita,

Mwangaluka. Elizabeth anawasalimu na anasema alishachoka kuniambia hayo aliyoyasema Mayu.

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Nafika tarehe thelathini, saa kumi na mbili jioni kama gari halikuharibika. Tafuta mihogo mipya, siyo iliyolala, na mafuta ya alizeti. Viungo nunua mwenyewe. Mimi sitashika kopo.

Mwambie Mayu naogopa.

Marcelo

*

Dar es Salaam,
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Felisita, na Mayu,

Mwangaluka. Nilifika salama. Nancy namshukuru kwa kunibebea mzigo mpaka stendi, na mwambie zile karanga alizozificha kwenye begi nilizipata. Elizabeth ameona picha za Nyakabindi akasema nimenenepa.

Ulikuwepo siku zote nane, lakini ulikuwa kwenye rojo na matobolwa, umenipa mgongo. Yapo ambayo hukuyaona, nataka uyajue.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya karai. Mafuta nilijua kwa kuyatazama, mihogo nilijua kwa mlio wake. Miaka ile ya jikoni haikupotea yote, niligundua hivyo hapo hapo. Lakini nilipotoa mkupuo wa kwanza sikuthubutu kumpa mtu. Mayu alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu. Akanyoosha mkono, nikampa kipande. Akatafuna taratibu, unajua meno yake. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye treni, "Chumvi!" Watu kwenye foleni wakageuka. Nikaongeza. Akatafuna tena. "Sasa!" Ndivyo tulivyofanya siku nane, na nilivyoona wewe ulidhani anafokea kuku.

Hasira yake aliimaliza usiku ule niliofika, na hilo nalo sitaliandika.

Siku ya tatu akaja Naila. Alisimama mbali, ameshika pipi ya pamba, ananiangalia. Nikamwita. Akasema, "Mimi hapo sili. Nilikula mihogo ya mama Nancy nikatapika."

"Aliyeiharibu ni mimi," nikamwambia. "Niliweka kitu kibaya sikujua. Pua yangu na ulimi wangu havifanyi kazi."

"Hata maua husikii?"

"Hata maua."

"Na pipi?"

"Na pipi."

Akafikiri. Alinionea huruma waziwazi, kama watoto wanavyofanya. Akasogea, akachukua kipande kimoja, akakinusa pande zote kama mkaguzi, akachovya kwenye ukwaju, akauma ncha tu. Halafu akauma kikubwa. Nikamuuliza, "Ikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri namna gani? Mimi sijui, niambie."

Akafumba macho. "Kwanza inakuwa chachu mpaka shavu linavutika. Halafu inakuwa tamu kidogo. Halafu unaona imekwisha, kumbe pilipili ilikuwa imejificha nyuma, inakuja." Akafumbua macho. "Halafu unataka nyingine."

Felisita, hilo rojo nimelipika maelfu ya mara na hakuna mtu aliyewahi kuniambia likoje. Wanalipa, wanakula, wanakwenda. Na mimi nilipokuwa na ulimi wangu sikuwahi kuuliza. Nilimgeuzia mgongo yule mtoto nikajifanya nachochea moto.

Kuanzia hapo nilimuuliza kila mtu. Wale wafugaji wa Bukundi waliokula matobolwa na mishikaki pamoja, nikawauliza ikoje. Yule bibi aliyekula bisi moja moja kama anahesabu. Wengine walicheka, wengine walisimama wakaniambia kwa dakika tano, foleni ikalalamika. Jabiri aliponiona nazungumza hivyo na wateja alidhani napoteza muda. Jioni akaja akasema, "Banda ni la dada yako, na wewe ukitaka, baki." Nilimwambia sijui. Uliuliza njia nzima kuelekea stendi nikakujibu hivyo hivyo.

Sasa nakuambia kilichotokea njiani.

Miaka miwili hii nimekula kwa saa. Saa saba imefika, nakula. Saa mbili usiku, nakula. Mwili unataka mafuta kama gari linavyotaka, unauwekea. Sikumwambia mtu, hata Elizabeth, kwamba sikuwa naijua tena njaa ni kitu gani. Niliidhani nayo imekwenda na homa.

Gari liliposimama Singida abiria walishuka kula. Mimi nilikuwa nimesinzia dirishani. Akapita mama mmoja na beseni la kuku wa kuchoma, na tumbo langu likalia. Lililia kwa sauti, abiria wa jirani akaniangalia akatabasamu. Nilishuka nikasimama pale juani kama mtu aliyeitwa jina lake. Nilikuwa na njaa, Felisita. Njaa ya kweli, ile ya kutoka shambani.

Nilinunua nusu kuku. Sikusikia ladha yoyote, nisikudanganye. Lakini nilimuuliza yule mama kuku wake yukoje, akacheka akaniambia ameweka ndimu na kitunguu saumu na moshi umeingia mpaka mfupani, na mimi nikamla nikiwa nimesimama, mafuta yanatiririka hadi kwenye viwiko, mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Nilimaliza. Nilitafuna hata mifupa laini.

Jana nimemwambia bosi nitakata tiketi mpaka mwisho wa Oktoba. Elizabeth ameshaanza kuulizia bei ya kusafirisha cherehani.

Kaka yako,
Marcelo